Frigo ya Safari: Usinunue kwa Macho Tu

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba,

Kiangazi kikifika, jamaa nyingi zinafunga safari. Mmoja anakwenda kuwatazama wazazi kijijini, mwingine anakwenda Kasenga kununua samaki wa Luapula, mwingine anawapeleka watoto kuona maporomoko ya Lofoi kule Kundelungu. Njia ni ya vumbi na mashimo, siku ni ndefu, jua ni kali. Ndipo mtu anawaza: «Ningekuwa na frigo ndogo ndani ya motokari, nyama isingeoza, na watoto wangekunywa maji ya baridi.»

Wazo hilo ni zuri, hatulikatazi. Lakini frigo mpya ya safari ina bei kali. Basi tunakimbilia okazioni, maana yake ile iliyokwisha kutumika na wengine. Na hapo ndipo hatari inapoingia katika jamaa zetu, tena tumeilipia kwa franka zetu wenyewe.

Leo ninataka kusema nawe waziwazi juu ya jambo hili, kwa sababu kosa nitakaloeleza nililifanya mimi.

Mimi ni mtu wa usalama. Miaka mingi nimewaambia wenzangu wa chini ya udongo: baruti zikiisha kulia, hakuna kuingia mpaka hewa isafishwe na mkubwa wa kazi aseme ndiyo. Lakini siku moja nilinunua frigo ya gazi, okazioni. Muuzaji aliniambia: «Baba, hii inakula gazi, umeme na batri, vyote vitatu.» Nikatazama rangi yake nyeupe, nikafungua na kufunga mlango mara mbili, nikalipa. Mama mkwe wangu ana ugonjwa wa sukari, na dawa yake ya insulini inataka baridi. Niliona nimempatia zawadi kubwa.

Tukasafiri. Jioni gurudumu likapasuka, giza likatukuta njiani, tukalala ndani ya motokari. Baridi ya usiku wa mwezi wa sita huku kwetu unaijua: tulifunga vioo vyote. Frigo ilikuwa nyuma ya viti, moto wake mdogo ukiwaka, juu ya ile insulini. Kadiri ya saa sita ya usiku, mtoto wetu wa mwisho akaanza kutapika. Bibi yangu akasema kichwa kinamgonga. Mimi nikataka kuinuka, miguu ikakataa. Nikafikiri ni samaki tuliokula. Kiisha nikakumbuka maneno yangu mwenyewe, yale ninayoyasema kila mara mbele ya wafanyakazi: kichwa kuuma, kutapika, miguu kulegea, watu wote kwa wakati mmoja, pahali padogo pasipo hewa. Nikausukuma mlango kwa bega. Tulikaa inje mpaka mapambazuko, tukitetemeka chini ya mablanketi, lakini wazima. Asubuhi tukaenda kituo cha afya, wote, hata wale waliosema wamekwisha kupona.

Mtoto yule asingetapika, mimi nisingeandika maneno haya.

Gazi iliyotaka kutuua inaitwa monoksidi ya kaboni. Inatoka pahali po pote moto unapowaka bila hewa ya kutosha. Haina rangi, haina harufu, haikohozi mtu. Inaingia katika damu na kukaa pahali pa oksijeni. Mtu anaona usingizi tu, naye analala moja kwa moja. Ni ndugu ya ile gazi ya baruti unayoiogopa kazini. Kwa nini basi unaiogopa mgodini, halafu unalala nayo pamoja na watoto wako?

Nisikilize sasa: kabla ya kuuliza bei, uliza aina. Frigo za safari ni za aina tatu, na kila moja ina tabia yake.

Ya kwanza ni ile ya gazi. Namna hii ilibuniwa Sweden mwaka 1922 na wanafunzi wawili, Baltzar von Platen na Carl Munters. Haina mashine inayozunguka. Moto au waya wa joto unachemsha maji yenye amonia ndani ya mabomba ya chuma, na amonia inapozunguka inaleta baridi. Ni nzuri pahali pasipo umeme, lakini inataka kusimama sawasawa. Ukiiegesha kwenye mteremko inaacha kufanya kazi, na mabomba yake yanaweza kuharibika. Baridi yake inafuata joto la inje: kwa kawaida inashuka digrii 25 au 30 tu chini yake. Tena moto wake mdogo unasumbuliwa na nchi ya juu, na wewe unajua kwamba Lubumbashi iko kadiri ya metre 1200, na Kolwezi inapita metre 1400. Na ukiiweka kwenye batri, inakula ampere 6 mpaka 10 bila kupumzika: mashine ya motokari ikizimwa, saa chache tu na batri imekwisha.

Ya pili ni kile kisanduku chepesi chenye ventilateri, kisicho na gazi wala kompresa. Bei yake ni ndogo, na ndiyo sababu wengi wanakipenda. Kwa kawaida hakiwezi kushusha zaidi ya digrii 20 chini ya joto la inje. Fanya hesabu: mwezi wa kumi, ndani ya motokari joto likifika digrii 35, nyama yako iko kwenye digrii 15. Shirika la Afya la Dunia linatufundisha kwamba chakula kinachoharibika upesi kikae chini ya digrii 5. Basi kisanduku hicho ni cha maji ya kunywa. Usikipe nyama, usikipe samaki, usikipe dawa.

Ya tatu ni ile ya kompresa, kama frigo ya nyumbani iliyofanywa ndogo, ya volti 12 au 24. Inashusha baridi hata chini ya sifuri, inavumilia mtikisiko na mteremko, na haina moto. Inakula kadiri ya ampere 4 inapofanya kazi, kiisha inapumzika. Batri ya ampere-saa 60, ukitumia nusu yake tu, inaweza kuilisha usiku mmoja. Usiku wa pili asubuhi motokari haitawaka.

Sasa sikiliza shauri langu, hata kama halitawapendeza wote. Kwa jamaa inayosafiri ndani ya motokari, usinunue okazioni ya gazi. Ukikosa franka za kununua ya kompresa, chukua sanduku la kawaida la kuhifadhi baridi, ujaze chupa za maji zilizogandishwa nyumbani. Barafu haikuui usiku.

Utasema: «Mzee, huko tunakokwenda hakuna umeme, na gazi inapatikana.» Ni kweli. Kama frigo ya gazi unayo tayari, itumie inje, kwenye hewa, kwenye kivuli, pahali pa sawa, mbali na mlango wa hema. Ndani ya motokari moto uzimwe na chupa ifungwe, hasa unapofika pahali pa kuweka mafuta. Kumbuka tena kwamba gazi ya chupa ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatiririka chini kama maji na kulala chini ya viti, ikingoja kiberiti chako. Na umeme ukikosekana, chupa za barafu bado ziko.

Umeamua kununua? Basi usinunue kwa macho. Fanya hivi:

1. Soma kibati cha nyuma. Kinasema volti ngapi, gazi gani, nguvu gani. Frigo ya volti 12 ukiifunga kwenye kamyo ya volti 24, inaweza kuungua. Kwa frigo ya gazi, nguvu ya detanderi lazima ilingane na kibati: zingine zinataka milibari 30, na kuna za zamani zilizotengenezwa kwa 50. Usichanganye.

2. Nusa, kiisha tazama mabomba ya nyuma. Harufu kali inayochoma macho ni amonia. Unga wa manjano juu ya mabomba ni alama ya kuvuja. Frigo hiyo usiinunue hata kwa bei ya bure, na usikubali fundi aichomelee. Ndani ya mabomba hayo kuna nguvu kubwa ya msukumo.

3. Pima mpira wa mlango. Weka noti ya franka katikati, funga, kiisha vuta. Ikitoka bila kushikwa, baridi nayo inatoka. Fanya hivyo pande zote nne.

4. Iache iwake usiku mzima. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Weka ndani glasi ya maji yenye kipimajoto, uifunge, urudi asubuhi. Muuzaji anayesema «gusa, tayari ina baridi» anataka uende upesi. Anayekataa usiku mmoja, mwachie frigo yake. Kama ilisafirishwa ikiwa imelala, isimame kwanza saa kadhaa kabla ya kuwashwa.

5. Jaribu kila njia aliyokutajia. Akisema gazi, umeme na batri, uone zote tatu kwa macho yako. Moto wa gazi uwe wa buluu. Moto wa manjano unaotoa masizi ni moto mgonjwa. Paka povu la sabuni penye viungo: povu likipanda, kuna mvujo. Mpira wa gazi badilisha hata kama unaonekana mzima, kwa maana hujui umri wake.

6. Uliza fundi juu ya gazi ya kompresa. Zile za zamani sana zina gazi iliyokatazwa baada ya Mapatano ya Montréal ya mwaka 1987, na kuijaza tena ni shida. Nyingi za siku hizi zina gazi inayoshika moto. Basi usitoboe ubavu wake ili kufunga kamba au taa.

Frigo imefika nyumbani. Kazi haijaisha. Usiichomeke kwenye waya mwembamba wa sigara-lampa. Fundi wa umeme avute waya wa milimita za mraba 6 toka kwenye batri, na aweke fyuzi ya ampere 15 karibu kabisa na batri. Usiweke msumari wala karatasi ya sigara pahali pa fyuzi. Moto mwingi wa motokari unazaliwa na ujanja wa namna hiyo.

Kiisha ifunge kwa mikanda kwenye chuma cha motokari. Frigo ya lita 40 iliyojaa inaweza kufika kilo 40. Ukipiga breki kwa ghafula au ukigonga mti, haitakaa kimya: itaruka na kumpiga aliyeketi mbele kwa nguvu ya mamia ya kilo. Kazini hatukubali chuma kisichofungwa juu ya kamyo. Kichwa cha mtoto wako kina thamani ndogo kuliko kamyo?

Kwa wewe mwenye mgonjwa nyumbani, neno moja zaidi. Insulini ambayo haijafunguliwa inakaa kati ya digrii 2 na 8. Joto linaiharibu, na kuganda pia kunaiharibu. Iliyoganda hata ikiyeyuka haifai tena, itupwe. Frigo ya kompresa inaweza kugandisha, basi usiiweke dawa kwenye chuma chenye baridi; iweke ndani ya kitambaa, na kipimajoto kando yake. Muulize muuguzi wako siku ngapi chupa iliyofunguliwa inaweza kukaa bila frigo. Pengine utaona kwamba kwa safari ya siku mbili hukuhitaji frigo hata kidogo. Mimi nilimuuliza baada ya safari. Ningemuuliza mbele.

Na frigo ikifa siku moja, usiiache uwanjani na mlango wake. Watoto wa kambi wanapenda kujificha. Ng'oa mlango kwanza.

Ndugu msomaji, wahenga walisema rahisi inavunja upishi. Mimi ninaongeza: inaweza pia kuzima wapishi. Kuna watu wanaovaa kofia ya chuma saa nane kwa siku, halafu wakipita lango la kampuni wanavua kofia na akili pamoja. Nilikuwa mmoja wao. Sheria ya hewa uliyojifunza chini ya udongo ichukue, uende nayo nyumbani, njiani na kijijini.

Jumamosi hii, kabla ya kwenda kununua, kaa na bibi yako, msome pamoja zile namba sita. Kiisha mwende wawili. Macho manne yanaona kuliko mawili, na mara nyingi ni mama anayeuliza swali ambalo muuzaji hakulitaka.

Safari njema, na mrudi wote.