TABIBU WA CHUNDWA ASOMESHWE, KISHA AANDIKWE



Wako wasemao kwamba visiwani hakuna matabibu kwa sababu vijana wetu hawataki kusoma. Neno hilo twalikataa.

Kijana wa Chundwa atakaye kuwa tabibu msaidizi, ambaye Kenya leo humwita afisa wa kliniki, hutakiwa kupata alama ya C mtihani wa kidato cha nne. Kisha ni miaka mitatu chuoni: karo, chakula, pa kulala, na kila likizo nauli ya mashua na ya gari. Mzazi mvuvi huyatoa yote hayo baharini. Akisha kufuzu, wengi wa wenzake twawaona na vyeti mkononi, hawana kazi, au wana mkataba mfupi usio na kesho.

Mwaka 1927 ndipo chuo cha tiba cha serikali kilipoanza Nairobi. Mwaka 2024 maafisa wa kliniki waligoma siku 99, wakidai pamoja na mengine kwamba wenzao wa mikataba waandikwe kazi ya kudumu. Walilaumiwa kwamba wamewatupa wagonjwa. Twauliza: mgonjwa ametupwa na nani? Na tabibu, au na yule asiyetaka kumwandika?

Uchungu wa uzazi haungoji maji yajae ili mashua ipite kwenda Lamu.

Twadai mambo mawili:

1. Wanafunzi wa visiwani wasaidiwe karo na nauli.
2. Wakifuzu waandikwe kazi ya kudumu, visiwani kwanza.

Umoja ni nguvu!