Salamu za Sikukuu Ziandikwe kwa Mkono wa Mwenyewe

Wahenga walisema kwamba waraka ni nusu ya kuonana. Basi mtu apelekaye kadi ya sikukuu huwa ameupeleka uso wake nyumbani kwa mwenzake. Yampasa aangalie uso huo usifike umegeuzwa upande.

Na achukuliwe, kwa mfano, mjane mmoja wa mjini Bujumbura aliyefiwa na mumewe mwezi wa Machi. Katika juma la mwisho la Desemba analetewa kadi mbili. Ya kwanza imetoka kwa mkuu wa ofisi alimokuwa akifanya kazi marehemu. Ni kadi nzuri, yenye maandishi ya rangi ya dhahabu. Ndani yake mna salamu zilizopigwa chapa na sahihi moja ya haraka. Lakini juu ya bahasha imeandikwa: “Bwana na Bibi.” Ya pili ni karatasi ya daftari iliyokunjwa, kutoka kwa tarishi wa ofisi ile ile. Imeandikwa: “Mama, baiskeli niliyoinunua kwa fedha alizonikopesha marehemu ingali inakwenda. Watoto huenda nayo shuleni. Mungu akupe mwaka wa amani.”

Kadi ya kwanza mama yule anaitia ndani ya mtoto wa meza. Ya pili anaisimamisha juu ya kabati, mahali ambapo kila mgeni aingiaye ataiona.

Mkuu yule hakuwa na nia mbaya. Alinunua kadi dazeni tatu, akamkabidhi karani orodha ya mwaka uliopita, naye karani akanakili kama alivyoikuta. Kosa lake ni kwamba alitoa salamu bila ya kumtazama anayemsalimu.

Inafaa ikumbukwe kwamba kadi hizi tangu mwanzo ziliachiwa nafasi ya kalamu. Mwaka 1840 Uingereza iliweka nauli moja ya peni kwa barua nyepesi kwenda popote nchini, na barua zikaongezeka sana. Miaka mitatu baadaye, yaani mwaka 1843, mtumishi mmoja wa serikali mjini London, Henry Cole, alijiona hawezi kuwajibu kwa barua rafiki zake wote wakati wa Noeli. Akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree picha, zikapigwa chapa kadi zipatazo 1,000, na zilizosalia zikauzwa kwa shilingi moja moja. Katikati palichorwa jamaa waliokaa mezani, na pembeni watu wanaowalisha na kuwavika maskini. Lakini hata kadi hiyo, iliyotengenezwa kwa ajili ya kupunguza kazi, iliachwa na nafasi mbili tupu: moja ya jina la mpokeaji, na moja ya jina la mpelekaji. Chapa ilifanya kazi ya wengi. Jina la mtu mmoja likabaki kazi ya mkono.

Basi ni maneno gani yaandikwe? Sentensi mbili zatosha, mradi moja kati yake isiweze kupelekwa kwa mtu mwingine yeyote. Wazazi walioko kijijini na waambiwe habari za wajukuu: nani ameota meno, nani amefaulu mtihani. Ikiwa mzee hajui kusoma, maneno yawe machache na ya wazi, kwa kuwa yatasomwa kwa sauti na mjukuu mbele ya majirani. Mambo ya siri na ya fedha yasiingizwe humo. Mwalimu wa zamani na atajiwe jambo moja alilolifundisha ambalo mwanafunzi wake angali akilitumia. Mtoto na aandikiwe kadi yake mwenyewe, yenye jina lake kwenye bahasha. Ataitunza kwa miaka mingi.

Kazini pana adabu zake. Mkubwa huandikiwa kwa cheo chake na kwa maneno machache, bila ya mzaha na bila ya kufungiwa zawadi, isije ikadhaniwa kuwa ni rushwa. Naye mkubwa asiwasahau tarishi, dereva na mfagiaji. Kwa wenzi wa imani nyingine, busara ni kuwapelekea kadi ya sikukuu yao wenyewe. Idd hufuata mwandamo wa mwezi, na kila mwaka hutangulia kwa siku zipatazo 11 katika kalenda ya kawaida; kwa hiyo kadi yake na iandaliwe mapema, wala isitajwe tarehe ya siku yenyewe. Aliye katika msiba asipelekewe kadi ya mapambo na shangwe. Huyo huandikiwa barua ya utulivu, na jina la marehemu litajwe bila ya woga, maana wafiwa hupenda kusikia kwamba mtu wao hajasahauliwa.

Isidhaniwe kwamba jambo hili ni la wenye fedha tu. Kadi ya kwanza ya UNICEF, iliyotolewa mwaka 1949, ilitokana na picha ya msichana wa miaka 7 wa Chekoslovakia, Jitka Samkova. Watoto wa nyumbani nao waweza kufanya kazi hiyo. Karatasi moja ngumu ya sentimita 21 kwa 29.7 ikikatwa katikati, na kila nusu ikakunjwa mara moja, hutoa kadi mbili. Majani makavu ya mgomba yenye rangi mbalimbali hukatwa kwa umbo la ndege, nyumba au mtumbwi, kisha hubandikwa kwa gundi ya unga wa muhogo uliopikwa mzito na kupozwa. Kadi na ilazwe chini ya vitabu vizito usiku kucha, isijikunje.

Siku hizi watu wengi husalimiana kwa simu, nako si vibaya. Ila ujumbe mmoja unaorushwa kwa watu mia mbili, ukiwa na picha iliyotoka kwa mtu mwingine, una kasoro ile ile ya kadi ya mkuu wa ofisi. Jina na sentensi moja ya mwandikaji mwenyewe havigharimu kitu.

Mama wa nyumba na awe na daftari dogo la salamu. Humo aandike majina, masanduku ya posta na namba za simu, na kila apatapo habari ya kuzaliwa, kuoa, kuhama au kufa, aisahihishe siku ile ile. Majuma matatu kabla ya sikukuu daftari na lifunguliwe mezani, lisomwe jina kwa jina, jamaa wote wakiwapo, na kila mmoja aseme alijualo juu ya mtu huyo. Aliyechelewa asikate tamaa: kwa desturi ya Wafaransa, salamu za mwaka mpya hupokelewa hadi tarehe 31 Januari.

Na kabla bahasha haijafungwa, jina lililo juu yake lisomwe tena.