Nani alipeleka maneno kwa patro?

Ndugu wafanyakazi wa mine, wamama wa kambi, na ninyi vijana munaotazama katch mu televizyo kila siku ya posho: leo sisi wa sendika tunataka kuzungumuza na ninyi juu ya mieleka ya Marekani. Musicheke. Mu hii hadisi kuko mambo yetu yote: kontra, ugonjwa, patro, na mwenzetu anayepeleka maneno.

Mwenye hadisi ni Jesse Ventura. Jina lake la kuzaliwa ni James Janos, mutoto wa Minneapolis, alizaliwa mu 1951. Alitumika mu jeshi la maji wakati wa vita ya Vietnam, kisha akaingia mu mieleka mu 1975. Alivaa manyoya, miwani na nguo za rangi rangi. Kazi yake ilikuwa kuwa mubaya: watu walilipa tiketi ili wamuzomee. Mu 1980, yeye na mwenzake Adrian Adonis walikuwa mabingwa wa wawili wawili mu AWA. Nyuma akaenda WWF, sosyete ya Vince McMahon, ile inayoitwa leo WWE.

Mu 1984, alipokuwa karibu kupigana na Hulk Hogan juu ya mukaba mukubwa, damu iliganda mu mapafu yake. Akalazwa hospitali, na kupigana kila siku kukaisha. Wakamuweka ku maikro, awaelezee watu mapigano.

Hapa sisi watu wa mine tufungue masikio. Wale wanaume wote wenye misuli, sosyete haikuwahesabu kuwa wafanyakazi wake. Mu karatasi, kila mumoja alikuwa anajitegemea, sawa fundi anayekuja kutengeneza paa na kwenda zake. Kwa hiyo hakuna asiransi ya ugonjwa, hakuna pansyo, na hoteli ya njiani mutu anajilipia mwenyewe. Lakini ni sosyete iliyosema aende muji gani, apigane na nani, ashinde ao aanguke. Kuamriwa, anaamriwa kama mufanyakazi. Siku ya kuumia, anakuwa mugeni.

Ndugu wa sutretans, hamujajiona hapo? Unavaa kaske, unashuka mu shimo la mine, unaamriwa na kapita wa mine. Siku mukono unavunjika, unasikia: "Weye hauko mutu wa kwetu, enda ku ile sosyete yenye ilikuleta."

Mu 1986, Ventura alisimama mbele ya wenzake mu chumba cha kuvalia. Ilikuwa mbele ya WrestleMania 2, ile ya tarehe 7 Aprili, na matangazo yalikuwa yamekwisha kutoka kila pahali. Aliwaambia: huu ndio wakati wa kuunda sendika. Tukikataa kupanda ku jukwaa sote pamoja, hawana mutu wa kuweka pahali petu. Alihesabu vizuri. Mufanyakazi ana nguvu siku ile patro anamuhitaji sana, si siku ile stoki imejaa.

Haikupita muda, McMahon akamupigia simu na kumukaripia vikali. Wenzake wakanyamaza, na sendika ikafia mu kile chumba. Ventura alibaki anajiuliza: bosi hakuwa mu chumba, ni nani alimwambia?

Jibu lilikuja nyuma ya miaka, mu tribinali. Sosyete ilikuwa inauzisha kanda za video zenye sauti yake bila kumulipa sehemu yake, na ilikuwa imemudanganya mutu aliyemujadilia kontra. Mu 1991 Ventura akaishitaki. Mu 1994 baraza la wazee wa kesi kule Minnesota likamupa haki, zaidi ya dola 800,000, na mwaka uliofuata korti ya rufaa ikakubali hukumu hiyo. Ni mu kesi hii, Ventura mwenyewe amesimulia mara nyingi, McMahon aliulizwa chini ya kiapo nani aliyepeleka maneno. Akajibu: Hulk Hogan.

Kuko watu watasema: Hogan alikula vizuri, juu ya nini aharibu sahani yake? Tunawaelewa, lakini hatukubali. Mu katch, hakuna anayeshinda kama mwengine hakukubali kuanguka. Ule mukaba wa Hogan uliinuliwa na mikono ya wale walioanguka mbele yake kila usiku, migongo ikiuma, bila asiransi. Na ku mine ni vilevile: tani ya shaba haitoki na dereva mumoja wa kamyo, hata akilipwa prime kubwa namna gani. Patro anajua kumulisha mumoja vizuri ili awachunge mia. Ile prime inatoka mu mifuko ya wale mia.

Wengine watasema: lakini Ventura alishinda, akapata franga zake. Ndiyo, alishinda, peke yake, juu ya sauti yake. Mu Novemba 1998 walimuchagua hata gavana wa Minnesota, akapita vyama vikubwa viwili. Lakini wenzake walibaki pale pale. Mu Mei 1999, kule Kansas City, Owen Hart alikuwa anashushwa na kamba toka juu ya paa. Kifungo kikafunguka, akaanguka, akakufa. Ile jioni mapigano yaliendelea. Sisi tunajua mambo kama hayo: maiti inapandishwa juu, na kamyo zinaendelea kupakia. Mupaka leo wapiganaji wa WWE hawana sendika.

Wazee wetu wa Union Minière waligoma mu Desemba 1941 hapa Élisabethville, wakapigwa risasi. Hawakuwa na sheria ya kuwalinda. Leo Katiba yetu, kifungu cha 38, inalinda uhuru wa sendika. Kwa hiyo kinachotukosesha ni kitu kingine: ni kuaminiana.

Basi tunaomba mambo matatu. Wenye kontra ya kudumu, mutetee wa sutretans, kwani siku wao wataisha, kontra yenu ndiyo itafuata. Kila mutu achunge kopi ya kontra yake na ya kila karatasi ya mushahara ndani ya nyumba. Wamama, muzitie pamoja na karatasi za batizo. Ventura hakushinda kwa misuli, alishinda kwa karatasi. Na tunapochagua madelege, tusichague yule mwenye jina kubwa anayekunywa na bakubwa. Tumuchague yule ambaye, tukisema neno mu chumba, linabaki mu chumba.

Na kama kuko mumoja kati yetu anayepeleka maneno, hatutamupiga, hatutamutukana. Tunamuuliza tu ahesabu: ile franga waliyomupa, itamutosha kulipa hospitali siku jiwe litaangukia mutoto wake?