Meza ya Duara na Chai ya Mama

Jumapili moja, nikiwa Hong Kong nilikokwenda kufundisha kwa muhula mmoja, niliichukua familia yangu kwenda kula chakula cha mchana nje. Tulikuwa watano: mimi, mke wangu, watoto wetu wawili, na mama yangu mzazi, aliyekuja kutoka Tanga kututembelea kwa mwezi mmoja. Mama ni mtu wa swala tano. Siku kumi za mwanzo hakula chochote kisichopikwa nyumbani, kwa kuwa katika mikahawa ya Kichina nguruwe hujitokeza hata pale asipotarajiwa. Ndipo mwenzangu mmoja chuoni akatuelekeza Wan Chai, kwenye jengo la Msikiti Ammar na Kituo cha Kiislamu cha Osman Ramju Sadick. Katika ghorofa ya tano ya jengo hilo upo mgahawa unaopika dim sum halali.

Kwa asiyeijua, dim sum ni vyakula vidogovidogo vya Wachina wa Guangdong. Vingi hupikwa kwa mvuke na kuletwa mezani ndani ya vikapu vya mianzi, kila kikapu kikiwa na vipande vitatu au vinne. Kuna vifuko vya unga mwembamba vilivyojazwa kamba, mikate laini yenye nyama ndani, miguu ya kuku, na vipande vya figili iliyopondwa na kukaangwa. Wenyewe hawasemi kwamba wanakwenda kula. Husema wanakwenda "yum cha", yaani kunywa chai. Chai ndiyo mwenyeji. Chakula ni mgeni wake.

Mama alikitazama kifuko cha kwanza kwa muda mrefu, akakionja, kisha akatoa hukumu: "Hii ni sambusa iliyokataa mafuta." Watoto walicheka hadi wakasahau simu zao. Kwenye meza ya jirani alikuwapo mzee wa Kichina mwenye kofia nyeupe, amezungukwa na wanawe na wajukuu. Mama alimtolea salamu ya Kiislamu, naye akaiitikia kwa Kiarabu kile kile tunachokitumia sisi. Zaidi ya hapo hawakuwa na lugha ya pamoja, wala hawakuihitaji.

Kilichomshughulisha Mama si chakula. Alikuwa akimtazama kijana mmoja wa meza ile, wa miaka kumi na mitano hivi. Kila kikombe cha babu kilipopungua, kijana aliinua birika na kukijaza kabla ya kukigusa chake. Mzee naye aligonga meza kwa vidole viwili, ambayo ndiyo namna yao ya kushukuru bila kukatiza mazungumzo. Mama akanigeukia, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, wewe mara ya mwisho kunimiminia chai ilikuwa lini?"

Sikuwa na jibu. Kila mwezi humtumia fedha kwa simu, na sijawahi kuchelewa. Nilidhani hiyo ndiyo heshima. Lakini nikikumbuka jinsi anavyoishi Tanga, naona mwanamke anayekula chakula cha jioni mbele ya televisheni pamoja na msichana wa kazi, ilhali watoto wanne aliowazaa wametawanyika Dar es Salaam, Arusha na Mwanza. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na fedha ya mbali haiondoi upweke.

Sisi Waafrika hupenda kujisifu kwamba tunawaheshimu wazee kuliko mataifa mengine. Tunazo shikamoo na marahaba, na tunasema penye wazee haliharibiki neno. Nauliza: wazee wenyewe wako wapi tunapokula? Heshima inayoishia kwenye salamu ni heshima ya mlangoni. Sera yetu ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaitambua familia kuwa mtunzaji mkuu wa mzee. Ni maneno mazuri, lakini sera haiwezi kuvuta kiti na kuketi mezani kwa niaba yetu. China Bara nayo ilijaribu njia ya sheria: tangu Julai 2013, sheria ya haki za wazee inawataka watoto wanaoishi mbali na wazazi wao wawatembelee au wawajulie hali mara kwa mara. Taifa likifika mahali pa kuamuru kwa sheria mtoto amwone mzazi wake, basi desturi imekwisha kuumwa.

Kinachonivutia katika meza ile ya Wan Chai ni kwamba haikuhitaji amri. Wala sidhani kwamba Wachina wamezaliwa na wema tusiokuwa nao. Desturi yao ina maumbile yanayoisaidia kudumu. Familia nyingi huiwekea siku maalumu, hivyo hakuna anayesubiri nafasi ipatikane. Vikapu ni vidogo na huletwa kimoja kimoja, kwa hiyo haiwezekani kula upesi na kuondoka, wala mtu kujifungia na sahani yake. Zaidi ya yote, nyumba za Hong Kong ni finyu mno kuweza kukusanya ukoo. Mgahawa umekuwa sebule ya wasio na sebule. Dhiki ya nafasi ndiyo iliyosaidia kuilea desturi hiyo. Kama dhiki ya kwao imelea desturi, foleni na umbali wa miji yetu navyo vinaweza kutulazimisha kubuni ya kwetu.

Atasema msomaji kwamba pwani tunayo baraza, na kahawa na kashata. Ni kweli, na baraza imewafaa wazee wengi. Lakini baraza ni ya wanaume. Mama yangu hana baraza. Wajukuu zake pia hawana nafasi pale. Tunachokikosa ni mahali ambapo bibi, mwana na mjukuu huketi pamoja kwa saa mbili bila msiba wala harusi.

Nisije nikaonekana nimelewa chai ya ugenini. Tulipotoka, hatukutembea mbali kabla ya kumwona bibi aliyepinda mgongo akisukuma kigari cha maboksi makuukuu ya kwenda kuuza. Wapo wengi wa namna hiyo katika mji ule tajiri. Meza ya familia haimfikii asiye na familia, wala haimlipii kodi aliye nayo. Kwa hiyo wajibu wa dola uko pale pale. Zanzibar ilionyesha njia Aprili 2016 ilipoanza kumlipa kila mkaazi mwenye umri wa miaka 70 na zaidi pensheni ya Sh. 20,000 kwa mwezi, awe alikuwa mtumishi au mkulima. Kiasi kile kilikuwa kidogo, lakini msingi wake ni mkubwa: uzee wenyewe ni haki. Tanzania Bara nayo inastahili kuusimika msingi huo, na ni juu yetu kuudai.

Hata hivyo, pensheni bila meza humshibisha mzee akiwa peke yake. Na meza haihitaji vikapu vya mianzi. Mihogo ya kuchemsha, birika la chai ya tangawizi na siku isiyovunjwa vinatosha.

Mama amekwisha rudi Tanga. Ndugu zangu nami tumepanga zamu: kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, mmoja wetu atakuwa kwake pamoja na watoto. Zamu ya kwanza ni yangu, na nimekatazwa kuja na zawadi. Ameniagiza jambo moja tu, niimimine chai mwenyewe.