Masinga yahitaji siku ya mbwa, si utepe

Wengi wetu hapa Pwani tukisikia habari za maonyesho ya mbwa twacheka. Twaona ni starehe ya wenye nafasi: mbwa amechanwa manyoya, anatembezwa uwanjani, jaji anampima, mwisho mmoja anapewa utepe. Mimi nasema tusicheke haraka. Nikilinganisha mikutano hiyo na hali ya mbwa wa Masinga, kaunti ya Machakos, naona somo ambalo kaunti zetu, za Pwani zikiwemo, zafaa kulichukua.

Tuanze na mikutano yenyewe. Kenya ina East Africa Kennel Club, ambayo husajili mbwa wa ukoo na kuandaa maonyesho Nairobi. Mbwa aina ya German Shepherd, wale tunaowaona na polisi na walinzi, kanuni zao zilianzia Ujerumani, ambako chama chao kiliundwa mwaka 1899. Huko mbwa hupimwa mara mbili. Kwanza umbo: meno, mgongo, miguu, mwendo. Pili tabia: bunduki inalia aonekane kama atashtuka, wageni wanamkaribia aonekane kama atatulia. Akianguka mtihani wa tabia hapati kibali cha kuzalishwa, hata awe mzuri vipi. Matokeo yanaandikwa, na mwenye mbwa anajulikana kwa jina.

Sasa twende Masinga. Huko mbwa analinda boma na mbuzi, na hakuna anayemwita wa ukoo. Twamwita koko, kana kwamba hana mwenyewe. Utafiti uliofanywa wilaya ya Machakos mwaka 1992 hadi 1993 ulionyesha vingine. Zaidi ya nusu ya nyumba zilikuwa na mbwa. Wengi wao hawakufungwa hata siku moja. Karibu nusu yao walikuwa hawajatimiza mwaka, na jike alitarajiwa kuishi miaka 2.4 tu.

Hapo ndipo penye kiini. Ili kuzuia kichaa cha mbwa, wataalamu wanataka mbwa 70 katika kila 100 wachanjwe. Lakini mbwa wakifa mapema na watoto wapya kujaa bomani, kinga ya mwaka huu inayeyuka kufikia mwaka ujao. Kampeni ya chanjo inayokuja leo na kurudi baada ya miaka mitatu ni kutwanga maji kinuni.

Mwaka 2014 Kenya ilitangaza mkakati wa kumaliza vifo vya binadamu vinavyotokana na mbwa ifikapo 2030, na Machakos ilikuwa miongoni mwa kaunti za kuanzia. Makadirio ni kwamba ugonjwa huu huua hadi watu 2,000 nchini kila mwaka. Dalili zikishatokea, hakuna tiba.

Kuna atakayeniambia kwamba mtihani wa tabia hautambui kichaa. Ni kweli, mbwa mpole wa jana aweza kuwa hatari kesho. Lakini waulize wanaochanja: mbwa asiyeshikika hachanjiki. Anatoroka vichakani, na sindano inarudi kwenye barafu. Kwa hiyo mtihani wa tabia unaoifaa Masinga ni mmoja: je, mwenyewe aweza kumshika mbwa wake mpaka daktari wa mifugo amalize? Mtoto wa mbwa aliyezoeshwa kushikwa tangu mdogo atafaulu.

Ninachopendekeza hakihitaji uwanja wala majaji kutoka ng'ambo. Kaunti itenge siku moja isiyobadilika kila mwaka, sokoni, ijulikane kama siku ya mnada inavyojulikana. Iwe na daftari la kila mbwa na mwenyewe. Chanjo iwe ya bure. Anayetaka kutoa zawadi kwa mbwa aliyetulia zaidi, atoe. Watoto watawaleta mbwa wao mbio.

Nasi wa Pwani tusiseme hayo ni ya Machakos. Wengi wetu hatufugi mbwa kwa sababu za dini, lakini mbwa hamuulizi mtu dini yake kabla ya kumng'ata, na anayeumwa mara nyingi ni mtoto. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha kimbilia hospitali. Bajeti ya kaunti ikisomwa, tuulize siku ya mbwa imepangwa lini.