Kitabu Mezani: Kazi ya Mama ni Nini?

Mwanzoni mwa mwaka wa masomo niliketi mezani kujaza karatasi ya shule ya mtoto wetu. Kazi ya baba: mwalimu. Kazi ya mama: hapana. Wakati ule mke wangu aliingia kutoka chemchemini, mara yake ya pili tangu alfajiri. Akatua ndoo, akasoma neno lile nyuma ya bega langu, wala hakusema kitu. Akaenda kuwasha moto.

Siku zile nilikuwa na vitabu viwili juu ya wanawake na elimu ya uchumi, nami nilivisoma kama mtu avisomavyo vitabu vya mbali. Neno moja la karatasi likavileta karibu.

Cha kwanza ni cha bibi Katrine Marçal, mwandishi wa habari wa Uswidi, kilichotoka mwaka 2012. Anauliza swali ambalo hata mtoto angeweza kuliuliza: nani alimpikia Adam Smith chakula? Smith, mtu wa Uskoti, ndiye ambaye wengi humwita baba wa elimu ya uchumi. Katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1776 alifundisha kwamba muuza nyama na mwoka mikate hawatulishi kwa huruma. Kila mmoja anatafuta faida yake, nasi tunashiba. Ni kweli. Lakini nyama mbichi bado si chakula. Smith hakuoa kamwe. Baba yake alikufa kabla hajazaliwa. Mama yake, Margaret Douglas, alimlea, na hata alipokuwa mtu mzima mwenye sifa walikaa pamoja miaka mingi, mpaka mama alipokufa mwaka 1784. Sisemi kwamba alishika mwiko kwa mkono wake mwenyewe. Nyumba za namna ile zilikuwa na watumishi. Lakini kuna mtu aliyeangalia kwamba meza imeandaliwa, na mtu huyo hayumo katika hesabu ya mwanawe. Kitabu hiki kinachekesha, pengine kupita kiasi.

Cha pili kinachosha zaidi, nacho ndicho kilichonishika. Mwandishi wake ni Marilyn Waring wa New Zealand. Aliingia bungeni mwaka 1975, akiwa na miaka 23 tu, baadaye akaongoza kamati ya kuchunguza matumizi ya fedha za serikali. Huko aliona jinsi pato la taifa linavyohesabiwa, akauliza: sheria za hesabu hii zatoka wapi? Zilitoka Umoja wa Mataifa, zimeandikwa mwaka 1953. Kitabu chake cha mwaka 1988 kinaonyesha zinachoona na zisichoona. Kiwanda kikiuza bunduki, pato linapanda. Mama akimwuguza mgonjwa nyumbani, hakuna kilichotendeka. Anaeleza habari za binti mmoja wa Zimbabwe aamkaye saa kumi ya usiku kuchota maji mbali, kisha kuni, kisha kupika, mpaka giza liingie. Kwa wenye hesabu, binti huyo hana kazi. Kama mimi nilivyoandika!

Tena jambo hili lilijulikana zamani. Mwingereza Arthur Pigou, katika kitabu cha mwaka 1920, alionyesha kwamba bwana akimwoa mtumishi anayemtunzia nyumba, pato la taifa linapungua, kwa sababu mshahara umekoma. Kazi ni ile ile.

Mwaka 1993 sheria zilirekebishwa. Kuchota maji na kutafuta kuni kukahesabiwa kuwa uzalishaji. Kupika, kufua na kulea watoto katika nyumba yako kukaachwa nje. Mwaka 2018 Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kwamba kazi za kutunza nyumba na watu, zisizo na mshahara, huchukua saa bilioni 16.4 kila siku, kana kwamba watu bilioni 2 wanafanya kazi saa nane bila malipo. Robo tatu ya saa hizo ni za wanawake.

Rafiki yangu mmoja, niliyemsomea kurasa hizi jioni moja, alikasirika. «Mama si mfanyakazi,» alisema, «na mapendo hayauzwi.» Nilikubaliana naye upesi, maana mimi pia sipendi kuona malezi ya mtoto yakipangiwa bei kama chumvi. Kisha nikatazama. Tulikuwa wanaume wawili, tumeshiba, na sahani zetu zilikwisha ondolewa bila sisi kujua saa gani.

Waring anataka kwanza saa za wanawake zijulikane. Wakuu wakitaka kuchagua wapi pa kujenga kisima, hutazama gharama na faida. Ikiwa mwendo wa mwanamke kwenda mtoni, saa tatu kwenda na kurudi, ni bure, basi kisima hakileti faida yoyote, na fedha zitapelekwa mahali pengine. Hapo sikupata jibu la kumpinga.

Nimeomba karatasi nyingine shuleni. Nilimwuliza mke wangu tuandike nini mahali pale.

«Baba watoto,» akasema, «andika saa ninayoamka. Mengine utayaona ukiamka nawe.»