Tahadhari ni Haki ya Umma

Wahenga walinena: tahadhari kabla ya hatari. Usemi huu tunaufundisha madarasani, lakini ni mara chache tunapojiuliza ni nani mwenye wajibu wa kuitoa tahadhari hiyo, na kwa lugha gani. Maisha ya Gary England, mtaalamu wa hali ya hewa wa kituo cha televisheni cha KWTV mjini Oklahoma City, Marekani, yanatupa jibu ambalo kila mtumishi wa umma hana budi kulitafakari.

Jimbo la Oklahoma hupigwa mara kwa mara na tornado, yaani kimbunga chembamba kinachoshuka kutoka mawinguni kikizunguka kwa kasi na kubomoa kila kilicho njiani. England alizaliwa huko mwaka 1939, katika mji mdogo wa Seiling. Alikuwa na umri wa miaka 7 tarehe 9 Aprili, 1947, tornado ilipouvamia usiku mji wa Woodward, usio mbali na kwao, na kuua watu zaidi ya 100. Watu hao hawakupata onyo lolote.

Ni kweli kwamba elimu ya kutabiri tornado ilikuwa bado changa. Lakini ni kweli pia kwamba kwa muda mrefu Idara ya Hali ya Hewa ya nchi hiyo ilikuwa imewakataza maofisa wake kulitaja neno hilo katika utabiri, kwa hoja kwamba wananchi wangeingiwa na hofu. Mwezi Machi, 1948, maofisa wawili wa jeshi, Fawbush na Miller, walitabiri kwa usahihi tornado iliyopiga kambi ya ndege ya Tinker, Oklahoma. Ndege zilihifadhiwa, raia hawakuambiwa. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1950 ndipo mkuu wa Idara awaandikie maofisa wake kwamba katazo hilo halipo.

England alijiunga na KWTV mwaka 1972. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kituo chake kilipata rada ya Doppler, ambayo huonyesha mvua na pia mwelekeo wa upepo ndani ya wingu. Alipoona dalili za hatari aliwatangazia wananchi papo hapo. Wapo waliomlaumu kwa kutoingoja Serikali. Lawama hiyo ina uzito, kwa maana sauti nyingi zinazopingana huleta mkanganyiko. Hata hivyo, anayezama hawezi kungoja muhuri.

Matunda yalionekana tarehe 3 Mei, 1999. Tornado yenye upepo uliozidi kilomita 480 kwa saa ilipita Bridge Creek, Moore na Oklahoma City. England hakutumia maneno ya maabara. Alitaja mahali ilipo na inakoelekea, akawaambia walio njiani kwamba usalama wao uko chini ya ardhi. Watu 36 waliuawa. Ni msiba mkubwa; lakini maelfu ya nyumba ziliharibiwa, na waliokuwamo wengi walikwisha kujificha.

Hatumsifu bila kuona upande wa pili. Televisheni ya biashara huishi kwa matangazo, na panapokuwa na ushindani hofu yenyewe hugeuka bidhaa. Tarehe 31 Mei, 2013, mtangazaji wa kituo kingine cha mji huo aliwashauri watazamaji wakimbilie kusini kwa magari. Barabara zilisongamana huku dhoruba ikikaribia. Kuaminiwa ni dhamana. Ulimi ulioaminiwa ukiteleza, wengi huanguka nao.

England alistaafu mwaka huo huo wa 2013, na alifariki dunia mwezi Juni, 2025. Urithi wake hauko katika mitambo. Mitambo hununuliwa, imani ya watu haiuzwi dukani. Yeye aliijenga kwa miaka 41, kwa kusema lugha ya wakulima aliokulia kati yao.

Ndugu watumishi na walimu, elimu iliyofungiwa katika jalada haimwokoi mtu. Ofisa anayeficha hatari kwa kisingizio cha kulinda utulivu anamdharau mwananchi, akidhani hawezi kuubeba ukweli. Mwananchi anaweza. Tumwambie mapema, tumwambie kwa lugha yake, na tusimwambie tusilolijua.